Umri wa Kupanda Boti

Siku ile pale ufukweni tulikuwa hawa: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, msichana wa sekondari ambaye hakuna jambo asilolijua, mdogo wetu wa kiume, ambaye hakuna jambo analolijua, na hilo halimsumbui, kitindamimba wetu, binti mwenye jina la nyanya yetu, shangazi, dada wa baba, aliyesema amekuja kutusindikiza kumbe amekuja kutuzuia, Papa jirani yetu, mstaafu wa reli, aliyebeba mfuko wetu mmoja na maoni mengi, komi wa boti, yaani karani anayepokea nauli na kuamua nani apande, na Mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa kaskazini ya ziwa, aliyeketi juu ya magunia yake akitafuna muwa na kututazama kama watu wanavyotazama mpira. Walikuwepo na wengine, abiria, wachukuzi na kuku, lakini hao niliowataja ndio walioniingiza katika shida au kunitoa.

Wazazi wetu wote wawili walikwisha kufa. Baba alitangulia, mama akamfuata wakati kitindamimba bado anabebwa mgongoni. Mimi nikaacha shule, nikaanza kukaanga maandazi karibu na bandari ya Kalemie, na kazi hiyo naifanya hata sasa. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili ieleweke kwa nini swali kama lile, mtoto apande boti akiwa na umri gani, liliniangukia mimi, ambaye nilizaliwa kando ya ziwa, nikalelewa kwa samaki wa ziwa, na sikuwa nimepanda boti hata mara moja.

Swali lililetwa na nyanya, mama wa mama, anayekaa Moba. Mama alipofariki, nyanya alikuwa hawezi kusimama kwa maumivu ya miguu, hakuja msibani, kwa hiyo yule mtoto aliyepewa jina lake, majina wake kama anavyomwita, alikuwa hajamwona. Siku moja mjomba akatupigia simu, akamwekea nyanya simu sikioni. Nyanya akasema kwa sauti ya kutosha kufika Kalemie bila simu.

"Majina wangu anatembea?"

"Anatembea, Nyanya."

"Anasema?"

"Hanyamazi."

"Basi mumulete. Macho yangu yanaingia ukungu. Nataka kumuona huyo mutoto, sitaki kuja kumupapasa."

Kabla sijajibu akamrudishia mjomba simu, kama mtu aliyekwisha kununua chumvi yake na hana sababu ya kuendelea kusimama dukani.

Jioni ile nyumba yetu ikageuka bunge. Shangazi alikuwa wa kwanza. Alisema ziwa halipokei mtoto mwenye meno ya maziwa. Nikamuuliza sheria hiyo aliipata wapi. Akasema kwa marehemu babu yangu, na marehemu, kama tunavyojua, haulizwi tena. Mdogo wangu wa sekondari akatoa simu yake, akatueleza kwamba huko Ulaya kuna meli kubwa kama mtaa, watu wanapanda na watoto wao, na kila meli ina kanuni yake kuhusu umri wa mtoto. Ndani kuna hoteli, kuna sinema, kuna bwawa la kuogelea.

"Bwawa ndani ya meli," akasema Papa wa reli, "na meli ndani ya maji?"

"Ndiyo, Papa."

"Na wanakwenda wapi?"

"Hawaendi mahali, Papa. Wanazunguka, halafu wanarudi pale walipopandia."

Maisha yake yote Papa alikuwa amepeleka watu mahali. "Hiyo si safari," akasema. "Hao ni watu wamepotea na hakuna mwenye kuwaambia." Kisha akatupa elimu yake. Mtoto mchanga husafiri vizuri, kwa sababu amefungwa kwenye kitenge na miguu yake haina kazi. Mtoto mkubwa husafiri vizuri, kwa sababu ana akili. Balaa ni yule wa katikati, ambaye miguu imefika na akili bado iko njiani. Sote tukageuka, tukamtazama kitindamimba. Wakati huo alikuwa juu ya meza, na hakuna aliyemwona akipanda.

Nilikuwa na wazee wawili na msomi mmoja, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Nikaona nitafute sheria ambayo haina mwenyewe. Shuleni kwetu, mtoto asiyekuwa na karatasi ya kuzaliwa alipimwa kwa mkono: apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, katikati kabisa, aguse sikio la kushoto. Akigusa, amefika umri wa darasa la kwanza. Asipogusa, arudi nyumbani akaendelee kula bugali. Nikatangaza mbele ya wote kwamba siku kitindamimba atakapogusa sikio, siku hiyo tutaanza kutafuta boti ya Moba. Akajaribu palepale. Palibaki nafasi ya kidole.

Kuanzia hapo hatukupumzika. Kaka yake akajifanya mwalimu wa mazoezi, kila asubuhi akawa anamvuta ule mkono kana kwamba anavuta kamba ya ngalawa. Kitindamimba mwenyewe alijining'iniza kwenye fremu ya mlango mpaka mlango ukakataa kufunga. Kanisani, watu walipoinua mikono kuimba, yeye aliupitisha wake juu ya kichwa, akaganda hivyo mpaka mwisho wa wimbo. Misa ilipokwisha, Mama mmoja mzee akanifuata na kidonge cha kichwa, akisema mtoto huyu anaumwa na mimi sioni. Shangazi naye hakulala. Alikuja siku moja, mpole ajabu, akajitolea kumsuka. Akamsuka kwa uzi, misuko mirefu iliyosimama juu ya kichwa kama antena za redio, na nikamsifu. Ni mdogo wangu wa sekondari aliyegundua kwamba mkono sasa ulikuwa na mlima wa kuvuka. Nikaifumua mwenyewe. Shangazi akasema hakuwa na nia mbaya, na akaacha kututembelea kwa muda.

Yule mtoto shangazi alikuwa anampenda kupita kiasi, na ziwa alikuwa analiogopa kupita kiasi. Hilo nalijua, na ndiyo maana sikukasirika sana.

Aligusa asubuhi moja mbele ya maandazi yangu, wateja wakiwa wamepanga mstari. "Yaya, tazama!" akaita, maana ndivyo wadogo zangu wanavyomwita dada yao mkubwa. Nikatazama. Ncha ya kidole ilikuwa juu ya sikio, na sikio halikuwa limevutwa, nilikagua. Wateja wakashangilia. Maandazi ya sufuria nzima yakaungua, na niliyauza hivyohivyo, na siku ile hakuna aliyelalamika.

Basi tukafika ufukweni. Nilikuwa na nauli yangu ya kwenda na ya kurudi, na sabuni za nyanya. Kwa kitindamimba sikuwa nimeweka kitu, maana mtoto wa kupakatwa halipi, na kila boti niliyoulizia walikuwa wakiwapima watoto kwa macho. Huyu mtoto wetu ni mdogo wa umbo. Kwa macho angepita mara mbili. Lakini komi wa siku ile alikuwa haamini tena macho yake. Akina mama walikuwa wamemchosha, wakipanda na vijana mgongoni ambao miguu yao inaburuta mchanga. Kwa hiyo alikuwa amejitungia sheria, na alikuwa anaitangaza kwa sauti kubwa tulipokuwa tunakaribia.

"Mutoto anapitisha mukono juu ya kichwa! Anayegusa sikio analipa kama mukubwa! Asiyegusa anapakatwa bure!"

Nikainama haraka, nikamnong'oneza kitindamimba, "Usiguse."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu wa kimo kile. Yale mazoezi yote, mlango ulioharibika, misuko iliyofumuliwa, na sasa mimi niliyeweka sheria nipo upande wa wapinzani. Kwake yeye kugusa kulikuwa na maana moja tu: kwenda Moba. Kutogusa ni kubaki.

"Inua mukono, mutoto," akasema komi.

Hapo shangazi, ambaye hakujua habari ya nauli na alidhani Mungu amemletea nafasi ya mwisho, akapaza sauti kutoka nyuma: "Hagusi huyo! Bado mudogo! Ninamujua mimi, hagusi!"

Ilikuwa mara ya kwanza mimi na shangazi tunataka jambo moja, na ndiyo iliyotuponza. Kitindamimba aliposikia "hagusi", akavuta pumzi, akapitisha mkono wa kulia, akashika sikio la kushoto lote, si ncha. Kisha, isije ikawa kuna mwenye shaka, akapitisha mkono wa kushoto akashika la kulia. Kaka yake akapiga makofi. Wachukuzi wakapiga makofi. Papa wa reli alipiga makofi pia, halafu akakumbuka, akaweka mikono mfukoni.

"Huyu njo mukubwa kabisa," komi akasema, yaani huyu ndiye mkubwa. "Mulipie."

"Komi wangu, ni mutoto huyu. Hata kupenga kamasi hajui."

"Mimi sipimi kamasi, Mama. Ninapima mukono."

"Ninajua kupenga!" kitindamimba akasema, na akapenga.

Nikahesabu upya moyoni. Nikilipa kwa nauli ya kurudi, tutakwenda, kurudi je? Shangazi alisoma usoni mwangu. "Utarudi kwa kuogelea?" akaniuliza, na tayari alikuwa amemshika mtoto mkono. "Hakuna kitu kimeharibika. Tutakwenda mwaka ujao. Njoo, mama yangu, nitakukaangia mayai."

Mwaka ujao. Nyanya hakuwa ameomba mwaka ujao. Kitindamimba akaketi mchangani kwa uzito wake wote na kutangaza kwamba hali mayai tena maisha yake yote. Mota ya boti ikawashwa. Komi akaanza kuita abiria wengine, na mimi nikasimama pale na sabuni zangu, nikiwa sijui kama nipande peke yangu, na nikifika nimwambie nyanya nini.

Ndipo yule Mama juu ya magunia akatupa ganda la muwa, akateremka.

"Komi," akasema, "huyu ni mukubwa ao ni mutoto?"

"Ni mukubwa. Umeona."

"Mukubwa akilipa nauli, ana haki ya gunia moja?"

"Kila abiria gunia moja. Sheria njo hiyo."

"Na langu hili la chumvi, lililozidi, ulisema linalipa kuliko mutu."

"Linalipa kuliko mutu, maana gunia halishuki lenyewe."

"Bon. Nauli ya huyu mukubwa ninalipa mimi. Gunia la chumvi ni mizigo yake."

Komi akafungua mdomo. "Lakini Mama, mutoto gani ana gunia la—"

"Mutoto?" Mama akageukia ufukwe mzima. "Ninyi mulisikia mutoto?"

"Mukubwa!" wachukuzi wakajibu kwa pamoja. "Tulisikia mukubwa!"

Komi akapokea nauli kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Yule Mama akanishika bega. "Ya kurudi vilevile," akaniambia. "Nitakuwa na maharagwe, na gunia la kuzidi halikosekani. Nitamulipia, na yeye ananisafirishia gunia. Kwenda na kurudi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama." Ningekubali hata kama angesema niisukume boti kwa mikono.

Shangazi alilia tulipopanda. Alimvua kitindamimba viatu, akisema viatu huzama haraka, akabaki navyo kifuani.

Sasa ile balaa aliyoitabiri Papa, ya miguu iliyofika kabla ya akili, haikutokea, na sababu ni gunia. Kitindamimba alikuwa amesikia kwa masikio yake, yale aliyoyagusa, kwamba gunia ni lake. Akapanda juu yake, akakaa, na hakutembea tena. Watoto wengine walikimbia huku na huku mama zao wakipiga kelele. Yeye alikuwa na mali ya kulinda. Mzee mmoja alijaribu kuegemea akafukuzwa. Hata yule Mama alipotaka kupumzisha mgongo aliambiwa, "Mama, hiyo ni mizigo yangu. Yako ni ile kule."

"Pardon, patron," Mama akasema, kama anayemwomba bosi radhi, akahama.

Aliyesumbua katika boti ile nilikuwa mimi. Milima ya nyumbani ilikuwa bado inaonekana vizuri upande wa kulia, jua bado liko juu yake, ziwa likaanza kupumua, likapanda na kushuka, na maandazi yangu yakaanza kupanda nalo. Katika yale mabishano yote ya umri, meno, masikio, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mimi nimefika umri. Yule Mama alinisogezea beseni jipya la plastiki, moja kati ya mabeseni aliyokuwa anapeleka kuuza, na mimi nikalimaliza upya wake mara moja. Kitindamimba alinitazama kutoka juu ya gunia lake akila andazi.

"Yaya, shika ukingo wa boti, usiangalie maji."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ninaona tu vile unafanya vibaya."

Asubuhi tulipofika Moba sikuwa na nguvu ya kubeba hata mfuko. Mjomba alikuwa amesimama majini mpaka magotini, na nyuma yake, mkono juu ya bega la mwanawe, nyanya, miguu yake sasa ikimbeba. Nilikuwa nimejipanga jinsi nitakavyomshika mtoto mkono nimpeleke polepole, nimwambie apige magoti, amsalimie kwa heshima. Lakini mtoto alikataa kushuka kabla ya mizigo yake. Wachukuzi wawili walipoliinua gunia, akasimama ukingoni mwa boti, kiuno kimeshikwa.

"Polepole! Ni chumvi hiyo! Ikilowa mutalipa ninyi!"

Nyanya akageuza kichwa kuelekea sauti. "Nani huyo anagombeza watu wazima?"

"Njo majina wako," mjomba akasema.

"Nilijua," nyanya akasema, na akacheka mpaka mjomba akalazimika kumshika vizuri.

Walipomletea, hakumkumbatia kwanza. Alimshika mashavu, akamgeuza kuelekea jua, akafumba jicho la kulia, na kwa lile la kushoto akaanza kumtafuta, akisogeza kichwa kidogo huku, kidogo kule, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Kitindamimba, ambaye hajawahi kutulia, alitulia. Nikaanza kufikiri kwamba tumechelewa, kwamba ningepaswa kuja alipokuwa wa mgongoni, bila kupima sikio la mtu.

"Kovu," nyanya akasema. "Hapa, kwenye nyusi. Nani alimuangusha?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote Moba habari ya kovu lile. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele, la siku alipoanguka kutoka mezani.

"Ninakuuliza wewe, mukubwa wa nyumba! Ninakuachia watoto, unawaangusha?"

Nikagombezwa pale majini mbele ya abiria wote, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile.

Ilipokuja zamu ya kurudi, nyanya aliniita uani. Akaniambia amemwona, lakini siku chache hazitoshi. Macho yaliyobaki ni kidogo. "Sitaki yaishie kutazama kuku," akasema. "Niachie yeye mpaka yamalizike. Kisha nitamurudisha."

Tangu mama afe, ndugu wengi walikuja kuniomba mtoto mmoja, wakisema mzigo ni mkubwa kwangu, na wote niliwafukuza kwa adabu. Nilikuwa nimeapa tutakula sahani moja. Nikamtafuta kitindamimba nimuulize, nikamkuta anamwonyesha nyanya vidole avihesabu kutoka mlangoni, anarudi nyuma hatua, anaonyesha tena. Hakuniuliza tunaondoka lini. Nikafunga mfuko wa mtu mmoja.

Ufukweni yule Mama alikuwa anatusubiri, ameketi juu ya maharagwe yake. Akatazama nyuma yangu, kisha upande wangu, kisha chini ya kitenge changu kana kwamba nimemficha humo.

"Mukubwa wangu yuko wapi?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akapangusa jicho kwa pembe ya kitenge, akasema nimefanya vema, Mungu aniongezee. Kisha akasema, "Na gunia langu?" Haki yangu ya gunia ilikuwa imekwisha kwa mfuko wangu, kama wakati wa kuja, kwa hiyo akalilipia mwenyewe, bei ile ya kuliko mutu. Nilitaka kumpa sabuni iliyobaki, akakataa. Makubaliano hayakuwa ya sabuni.

Sasa kila akipita Kalemie anasimama mbele ya maandazi yangu. Nimemwambia nitamlipa kidogokidogo, hataki. Nimempa mdogo wangu wa kiume asafiri naye badala. Alimkagua juu na chini, akasema huyu atalala, gunia litaibiwa. Ananiuliza habari za nyanya, nami namweleza nilichosikia kwenye simu: kwamba wiki hii ameona mpaka kizingiti cha mlango, lakini ua hauoni tena. Anatikisa kichwa, anasema tuwaache, tusiwaharakishe. Juzi nilimfungia maandazi manne ya moto kwenye karatasi, nikamwambia angalau haya tuyahesabu kwenye deni.

Akayala yote manne amesimama. Akalamba vidole.

"Haya ni urafiki," akasema. "Deni ni mutu mumoja, Moba mpaka Kalemie, na gunia."